Herufi Zilizokula Herufi

Baadhi ya watoto wa Newala waliopita mikononi mwa Yuliana Nandonde sasa wana ndevu. Alianza kufundisha chekechea ya parokia akiwa msichana aliyetoka kidato cha nne, kwa sababu sista aliyekuwa akifundisha alihamishwa na hakukuwa na mtu mwingine. Aliambiwa ashikilie kwa muda, na muda huo ukawa miaka kumi na mitano. Katikati yake aliolewa na Silvano, akamzaa Vitalis na wadogo zake wawili, na kila asubuhi alikuwa bado yuko mbele ya watoto wenye kamasi, akiwaimbisha a-e-i-o-u huku upepo wa Newala ukipigapiga bati.

Halafu ikaja taarifa kwamba mwalimu wa awali asiye na cheti hataendelea. Paroko alimwita ofisini akamsomea barua yote, kisha akasema taratibu, "Mama Vitalis, sisi hatutaki uondoke. Nenda kasome. Nafasi yako tutailinda."

Silvano alikaa na jambo hilo moyoni. Jioni moja, akiwa ananoa panga, akasema, "Nenda. Mikorosho haikimbii."

Basi Yuliana, mwanamke wa miaka thelathini na tano, akashuka Masasi na godoro lake na ndoo, akaingia bweni moja na wasichana ambao kwa umri wangeweza kuwa wanafunzi wake. Mmoja wao aliwahi kuwa mwanafunzi wake kweli. Siku ya kwanza alimwamkia kwa magoti yote mawili, wenzake wakacheka.

Masomo mengi hayakumtisha. Makuzi ya mtoto, mbinu za kufundishia, michezo na nyimbo, hayo alikuwa akiyafanya siku zote bila kujua kwamba yana majina. Lililomkaa kooni ni lile lililoandikwa TEHAMA kwenye ratiba, Jumanne na Alhamisi saa nane mchana. Muhula mzima somo hilo lilikuwa ni kujifunza programu ya kuchapa maandishi.

Maabara ya kompyuta ilikuwa chumba kimoja chenye joto la kuivisha ndizi. Kompyuta zenyewe zilikuwa za msaada, kuukuu, na nyingine ziliwekwa tu ili meza isionekane tupu. Wanafunzi walikaa watatu kwa mashine moja. Yuliana alipangiwa namba saba pamoja na Ashraf, kijana wa Tandahimba aliyetoka shule juzijuzi, na msichana mmoja ambaye aliacha chuo kabla hata majina hayajazoeleka. Wakabaki wawili.

Ashraf hakuwa kijana mbaya. Alimwamkia Yuliana kila walipokutana, alimvutia kiti, alimpisha karibu na feni. Tatizo lake lilikuwa mkono.

"Mama, bonyeza hapo juu."

"Wapi?"

"Hapo penye herufi B nene."

Yuliana akashika mausi. Kale kamshale kakakimbilia pembeni ya kioo, kakapotea. Akasukuma huku, akasukuma kule. Kabla hajakaona, mkono wa Ashraf ulikuwa umeshafika juu ya mkono wake. "Subiri Mama, nikuoneshe." Tap, tap, tap. Kichwa cha habari kikanenepa, kikahamia katikati, kikapigiwa mstari, na ukurasa mwingine ukafunguka.

"Umeona?"

"Nimeona," akasema Yuliana. Alichokiona ni mkono wa Ashraf.

Mwalimu wao, Fortunatus, naye alikuwa hivyohivyo. Kijana wa chini ya miaka thelathini, shati limechomekwa vizuri, sauti imekauka kwa kurudia maneno yaleyale darasa baada ya darasa. Mwanafunzi akinyoosha mkono, Fortunatus alimwinamia begani, akabonyeza vitufe vinne vitano, akauliza, "Sawa? Tuendelee," na kabla hujajibu alikuwa meza ya pili. Kila Alhamisi jioni Yuliana alirudi bwenini akiwa ameona mambo mengi yakifanyika na hakuna hata moja alilolifanya yeye. Aliwaambia wasichana wa chumbani, "Mimi nahudhuria harusi tu. Kuolewa siolewi." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku moja walipewa zoezi la kuandika tangazo la mkutano wa wazazi. Ashraf alichelewa kufika, kwa hiyo Yuliana alikuwa peke yake mbele ya kioo, akafurahi. Akaanza kuandika kwa vidole viwili, polepole. Akafika mahali pa kusema, Wazazi wa darasa la awali mkae upande wa kulia. Akaandika mkae, akaruka nafasi, akaendelea na neno la pili. Alipoinua macho, pale penye mkae pameandikwa make.

Akafuta. Akaandika tena, safari hii akitazama kila kidole kinapotua: m, k, a, e. Kioo kikaonesha mkae. Akaruka nafasi. Make.

"Nnungu!" akaguna, akimwita Mungu kwa Kimakonde. Akafuta tena, akaandika tena. Make. Akadhani kitufe kimeharibika, akajaribu kukibonyeza kwa ukucha. Make.

Na si hilo tu. Ukurasa mzima ulikuwa umejaa vimistari vyekundu. Wazazi, mstari mwekundu. Mkutano, mstari mwekundu. Newala, mstari mwekundu. Jina lake mwenyewe aliloliandika chini kama mwandishi wa tangazo, mstari mwekundu. Yeye aliyepiga kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto miaka yote hiyo alijua maana yake. Neno pekee ambalo mashine ililiacha safi ni lile ambalo hakuliandika.

Ashraf akaingia akihema. "Shikamoo Mama. Samahani. Aa, hiyo inajisahihisha yenyewe. Inafikiri umekosea Kiingereza."

"Marahaba. Lakini mimi sijaandika Kiingereza."

"Yenyewe haijui, Mama."

Mwalimu Fortunatus akafika, akainama, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Make ikarudi kuwa mkae, ikatulia.

"Umefanyaje, Mwalimu?"

"Hilo dogo, Mama Vitalis. Usilitilie maanani." Akaenda zake.

Hivyo Yuliana hakulijua.

Kazi kubwa ya muhula ilikuwa kuchapa andalio la somo, kurasa mbili, lenye jedwali la hatua za kufundisha. Yuliana aliamua kwamba hii ni yake. Alimwambia Ashraf, "Mwanangu, wewe chapa yako Jumanne, niachie mimi Alhamisi. Ukae hapo pembeni usinisaidie."

"Hata ukikwama?"

"Hata nikikwama."

Ashraf akashikilia ahadi yake kwa muda mrefu kuliko Yuliana alivyotazamia. Yuliana alichapa somo la kutambua sauti za herufi, somo alilolifundisha mara zisizohesabika, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka kichwani moja kwa moja hadi vidoleni. Jedwali lilimsumbua, likapinda, likanyooka. Ilipokaribia saa ya kukusanya, akasoma kazi yake akagundua kwamba amesahau sentensi moja katikati, sehemu ya wimbo. Akapeleka mshale pale, akabonyeza, akaanza kuichomeka.

Herufi zikaanza kula herufi. Kila alipoandika moja, iliyokuwa mbele yake ilitoweka. Aliandika Watoto waimbe, na sentensi iliyofuata ikapoteza kichwa. Akasimama. Akajaribu kurudisha yaliyoliwa, na kila alichorudisha kikameza kingine. Ilikuwa kama kuziba panya tundu huku akitokea tundu la pili na mtama mdomoni.

"Inakula," akasema. "Ashraf, inakula maneno!"

"Hapana Mama, umefuta mwenyewe bila kujua." Mkono ukaja. "Hebu tuifunge, tuifungue upya." Kioo kikauliza swali kwa Kiingereza. Ashraf, kwa ile haraka ya vijana, akabonyeza jibu la pili badala ya la kwanza. Kazi yote ikaondoka. Yuliana hakuwa ameihifadhi hata mara moja, kwa sababu kila siku aliyehifadhi alikuwa Ashraf.

Kijana alibadilika rangi. "Mama... nilidhani umesevu."

Dakika chache zilizobaki, Yuliana alichapa nusu ukurasa, akaupeleka mbele. Mwalimu Fortunatus akautazama, akaugeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Ndio huu tu?"

"Mwalimu, kazi ilikuwepo. Herufi zilianza kula herufi."

Darasa likaangua kicheko. Fortunatus naye akatabasamu, amechoka. "Mama Vitalis, kompyuta haili."

Hapo ndipo yote aliyoyameza tangu muhula uanze yalipompanda. "Mwalimu, mimi nimefundisha watoto kushika penseli miaka kumi na mitano. Sijawahi kumshika mtoto mkono nikaandika mimi, halafu nikasema amejua kuandika. Hapa tangu nije sijaachiwa mausi nikapotea nikarudi mwenyewe. Nitajuaje?"

Shingo ya Fortunatus ikatutumka.

"Basi hapa si chekechea," akasema.

Aliandika alama juu ya ile karatasi mbele yake: tatu kati ya ishirini. Yuliana akaichukua, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka. Alitembea hadi nyuma ya bweni, palipoanikwa nguo, akasimama katikati ya mashuka ya watu akalia kwa hasira. Huzuni ingekuwa afadhali, huzuni huisha.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mjini kutoa kopi ya maelezo ya somo jingine. Karibu na kituo cha mabasi kulikuwa na steshenari ya Mzee Salmini, mtu wa familia ya kale ya wafanyabiashara wa Masasi. Aliyeiendesha kila siku ni mkwewe, Mwanakombo, msichana mwembamba mwenye kasi ya ajabu ya kuchapa. Siku hiyo Mwanakombo alikuwa ananyonyesha. Mkono mmoja umeshika kichwa cha mtoto chini ya khanga, wa pili umembeba matakoni, na kila alipojaribu kumlaza, mtoto alipiga kelele hadi nje. Mbele yake alisubiri mzee mmoja aliyetaka barua ya kuombea ruhusa ya msiba.

"Shikamoo mama," Mwanakombo akamwambia Yuliana. "Nisamehe, unaniona nilivyo. Unajua kuchapa?"

"Marahaba. Najifunza chuoni. Sijui."

"Kaa hapo kwenye kiti. Nitakuambia."

Yuliana akakaa, akashika mausi, na bila kujitambua akausogeza mkono wake pembeni kidogo, akiupisha mkono utakaokuja. Hakuna mkono uliokuja.

"Fungua ukurasa mpya. Pale juu kushoto, kale kakaratasi keupe."

Mshale ukapotea. "Nimeupoteza," akasema, akageuka.

"Haupotei, mama. Sukuma mausi taratibu kwenda kwenye kona ya juu. Utajigonga hapo."

"Siuoni."

"Upo. Endelea tu."

Mtoto alikuwa akimeza kwa sauti. Mzee wa barua alikohoa. Muda huo Yuliana aliuona mrefu kuliko somo zima la Alhamisi. Kisha kwenye kona ya kioo kamshale kakajitokeza.

"Nimeuona."

"Haya. Kakaratasi keupe."

Barua ile ilichukua muda mwingi mno, na mzee alishasema mara mbili kwamba marehemu atazikwa yeye bado yuko Masasi. Lakini ilitoka kwenye printa ikiwa imenyooka, na kila kitufe kilibonyezwa na Yuliana. Alipomweleza habari ya herufi kula herufi, Mwanakombo hakucheka.

"Bonyeza kitufe cha Insati hapo juu ya mishale. Sasa angalia chini kabisa ya kioo. Kuna herufi tatu, O, V, R. Zimekoza?"

"Zimekoza."

"Hapo inakula. Bonyeza tena. Zimefifia? Sasa haili. Uliigusa kwa bahati mbaya. Hata mimi ilinitesa."

Yuliana akabonyeza kitufe kile tena na tena, zikikoza, zikififia, zikikoza. Alipaswa kufurahi. Badala yake hasira ilimrudia. Kitufe kimoja, na darasa zima lilimcheka.

Tangu hapo akawa anakwenda steshenari kila Jumamosi. Mwanakombo alipata mtu wa kumpokea kazi mtoto anaponyonya, Yuliana akapata mausi. Mzee Salmini alimwona, akajibu shikamoo yake, asiulize. Akajifunza kuhifadhi, na kujua amehifadhi wapi. Akajifunza jedwali. Haikuwa raha: wateja walimsonya, mmoja alimwambia waziwazi, "Mama, mpishe binti," na siku nyingine vidole vilikuwa vizito hadi akatamani kuvipiga na rula.

Mambo yaliharibika Jumamosi ambayo Mwanakombo alikuwa chumba cha nyuma akimwogesha mtoto. Bwana Halfani, katibu wa kamati ya madrasa ya mtaa wa jirani, alileta tangazo lake limeandikwa kwa kalamu, akalitaka upesi. Yuliana alilichapa peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alilihifadhi, alilipanga katikati, akatoa nakala zote, akamkabidhi kwa mikono miwili. Alipoondoka, Yuliana alijikuta anaimba.

Hakuwa amelisoma tena.

Halfani alirudi siku mbili baadaye, na Yuliana alikuwepo kwa kuwa mhadhara wa mchana ulifutwa. Aliiweka karatasi juu ya kaunta kwa kiganja.

"Nani kachapa hii?"

"Mimi, Bwana Halfani."

"Mama, sisi tumekukosea nini?"

Karatasi ilisema: Wazazi mnaombwa make kwa vikundi kufuatana na madarasa ya watoto wenu. Vijana wa bodaboda walilisoma kwa sauti ubaoni, kila mmoja na matamshi yake, hadi likawa mnaombwa mke kwa vikundi. Mtaa mzima ulikuwa ukiuliza kamati inataka wake wangapi na kwa ajili ya nani.

Yuliana akaivuta karatasi karibu. Lile neno. Lile dogo alilokatazwa kulitilia maanani.

Mzee Salmini akatoka ndani, akaisoma karatasi, akaivua miwani yake. Hakupandisha sauti. "Mama Vitalis, duka hili niliachiwa na baba yangu likiwa na jina lake. Sikutukani. Lakini hapa si chuo."

"Baba, mimi ndiye niliyemkalisha," Mwanakombo akaanza. Mzee akainua mkono kumzuia.

"Ni kweli, Mzee," Yuliana akasema. "Niruhusu nilisahihishe hili moja. Kisha nitaondoka."

Mzee akatazama nje, akatikisa kichwa kukubali. Yuliana akakaa. Mwanakombo alisimama nyuma yake, mtoto amelala mgongoni, na leo mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu. Yuliana akamwangalia. Mwanakombo akaificha nyuma, chini ya mbeleko.

"Nenda juu penye neno Tools," akasema. "Shuka mpaka uone neno refu linaloanza na Auto."

Ikafunguka orodha ndefu: kushoto makosa ya watu, kulia maneno waliyokusudia. Yuliana akashuka nayo hadi kwenye M. Pale likawepo. Kushoto mkae, kulia make. Kumbe halikuwa kosa la kidole chake wala la kitufe. Mtu fulani mahali fulani alikuwa ameketi akaliandika neno hilo kwenye orodha ya makosa, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kufika nyumba ya watu akaambiwa mkae.

"Lifute," akasema Mwanakombo.

Akalifuta. Akachapa mkae, akaruka nafasi. Likabaki mkae. Akachapa tangazo lote upya, akalisoma kwa sauti, akampa Halfani naye alisome, akatoa nakala. Kisha akachukua gundi, akafuatana na Halfani juani kutoka ubao hadi ubao, akibandika jipya juu ya la zamani. Halfani alinung'unika njia nzima ya kwenda. Njia ya kurudi akamuuliza kama ni kweli kwamba kompyuta ndiyo iliyobadilisha. Yuliana akasema ni kweli, lakini aliyetoa bila kusoma ni yeye.

Mzee Salmini hakubadili neno. Mwanakombo alipomsindikiza hatua chache akamnong'oneza, "Njoo Ijumaa, mzee akiwa msikitini." Kwa hiyo muhula ulipokuwa unaisha, mazoezi ya Yuliana yalikuwa ni kile kipande cha Ijumaa mchana kati ya adhana na watu kutawanyika, akiingia kama mwizi dukani kwa watu, akichapa jedwali huku sikio liko barabarani.

Mtihani wa vitendo ulifanywa kwa zamu, kila mtu na mashine yake. Mwalimu Fortunatus alizunguka na mikono nyuma, kwa kuwa siku hiyo kusaidia kulikatazwa. Yuliana hakuwahi kuona chumba kile kikiwa na amani namna hiyo. Kabla hajaandika neno aliangalia chini ya kioo. Akafungua ile orodha, akazima kule kujisahihisha kwa mashine. Akachapa. Kidole kilikuwa bado kizito, na namba za kurasa zilimtoroka mara moja akazirudisha. Alihifadhi baada ya kila aya, hadi aliyekaa jirani akamtazama. Alipoitwa kwenda kwenye printa, karatasi yake ilitoka nzima. Nyuma yake Ashraf, ambaye alimwomba msamaha muhula mzima, alikuwa amekodoa macho kwenye kioo chake huku jedwali likimkataa.

Matokeo yalibandikwa wiki ya kufunga chuo. Alama za masomo mengine zilikuwa A na B. TEHAMA ilikuwa C, ile ya chini kabisa, iliyopita kwa kuinamisha kichwa.

Alimkuta Fortunatus ofisini akifunga madaftari kwa kamba.

"Mwalimu, mtihani wa vitendo nilipata ngapi?"

Akatafuta. "Themanini na mbili." Akainua macho. "Ulifanya vizuri sana, Mama Vitalis."

"Mbona hapa ni C?"

"Kazi za darasani. Lile andalio ulipata tatu. Na majaribio ya mwanzo nayo..." Hakumalizia.

"Naweza kulichapa sasa hivi, hapa mbele yako. Fungua maabara."

"Najua unaweza. Lakini alama zimeshapelekwa, sina njia ya kuzirudisha." Akaketi. "Mama, nina madarasa matatu na mashine zisizofika ishirini. Nikimsubiri kila mmoja autafute mshale wake, mtihani utatukuta tunajifunza kuwasha."

"Najua, Mwalimu."

Na alijua kweli. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba alipotafuta mtu wa kumkasirikia barabara, hakumpata.

Fortunatus akazungusha kamba kidoleni. "Na lile neno la siku ile, la chekechea. Lilinitoka."

"Lilikutoka," akasema Yuliana. Hakusema yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha. Akamtakia likizo njema, akaenda kufunga godoro.

Gari lilipomaliza kupanda mlima, ubaridi wa Newala ukaingia dirishani, akajifunga kitenge kingine. Silvano alimpokea stendi, akabeba ndoo. Nyumbani watoto walikuwa wamepika wenyewe, ugali una mabonge na kisamvu kina chumvi nyingi, na kila mmoja alitaka kusema lake. Walipotulia, Silvano akauliza.

"Ile kompyuta. Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Mbona umenuna?"

Akajaribu kumweleza: themanini na mbili, tatu, ishirini, herufi, orodha. Silvano alisikiliza kwa bidii kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

"Sasa hiyo C," akasema mwishowe, "si inapita?"

"Inapita."

"Basi?"

"Inapita, Baba Vitalis. Lakini si yangu. Mwenye C hiyo ni yule mama aliyekuwa anatazama mkono wa Ashraf. Mimi hawajanipa kitu."

Silvano akamsogezea bakuli la mboga. Yuliana akakata tonge, akala, akaomba maji kwa sababu ya ile chumvi, kisha akawauliza watoto nani kapika, na nani kamruhusu kushika kopo la chumvi peke yake.